Ngoma Kabla ya Pasaka

Mgeni alifika Jumatatu ya Juma Kuu, kwaya ya kigango cha Rawinji ikiwa katikati ya ugomvi. Alisimama mlangoni pa kanisa, kofia mkononi, viatu vyake vya tairi vimejaa tope, mvua ikimteremka mgongoni, na hakuthubutu kuingia kabla ya kukaribishwa. Roselyn, mwenye sauti ya kwanza na mdomo wa kwanza pia, ndiye aliyemwona.

"Mwalimu, wacha hiyo Ijumaa yako kidogo," alisema. "Kuna mtu ananyeshewa."

Benta aligeuka. Alikuwa mwanamke mwembamba, mzaliwa wa Ndhiwa aliyeolewa Rawinji, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekichagulia kigango kile nyimbo zake.

"Hodi," mgeni alisema kwa Kiswahili. "Naitwa Machuki. Padri amenituma niwafundishe wimbo mpya wa Pasaka. Nilitakiwa nifike mwanzoni mwa Kwaresima, lakini njia zilikuwa... mnajua wenyewe."

Walijua. Tangu Januari ng'ombe walikuwa wakiibwa pande zote mbili za mto. Wajaluo walisema ni Wakuria, Wakuria walisema ni Wajaluo, na kila upande uliwakumbuka ng'ombe wake tu. Jina la mgeni, jina la Kikuria, lilitosha kunyamazisha kanisa. Mwanamume mmoja wa sauti ya nne aliuvuta mkoba wake kutoka sakafuni akaupakata.

"Karibu ndani, mwalimu," Benta alisema.

"Aketi wapi?" Roselyn aliuliza kwa Kijaluo, bila kupunguza sauti. "Kwenye benchi letu?"

"Kwenye langu."

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kila mwaka. Vijana walitaka Ijumaa Kuu iimbiwe wimbo wa kuchangamsha, maana ibada ni ndefu na watu husinzia. Benta hakutaka kusikia.

"Ijumaa haichangamshwi," aliwaambia. "Nani kati yenu huenda matangani akapiga vigelegele? Ijumaa ni ya kuketi chini na wafiwa."

Hayo alifunzwa na mtawa mmoja kule Homa Bay alipokuwa msichana. Jumapili ya Matawi hutaka wimbo wa kutembea, wenye miguu. Alhamisi Kuu hutaka wimbo wa watu walioketi mezani, usiopanda juu. Ijumaa wimbo hujikokota, bila ngoma wala kayamba. Jumamosi haina wimbo hata mmoja mpaka kwenye mkesha, ndipo neno aleluya lirudi kinywani na ngoma iteremshwe. Na baada ya Pasaka, Jumapili zote mpaka Pentekoste, furaha ipungue mbio kidogo kidogo, iwe furaha iliyokwisha kuzoea nyumba. Ukiwapa watu wimbo wa Jumapili siku ya Ijumaa, mtawa alisema, utakuwa umewaibia kaburi, na asiye na kaburi hana ufufuko.

Kwa hiyo tangu Jumatano ya Majivu ngoma kubwa ya Rawinji ilikuwa imetundikwa kwenye boriti ya sakristia, imefunikwa kitambaa cha zambarau. Ukingo mzima wa mlima ulijua hivyo, hata wasiokanyaga kanisani. Mohamednur, Mwislamu mwenye duka pale senta, hakuwa na haja ya kumuuliza mtu Pasaka ni lini. Ngoma ikilia, alifungua gunia jipya la sukari.

Machuki alikaa kwenye benchi la Benta, akapangusa uso kwa kofia, akaanza kuimba. Alipotamka maneno kwa lafudhi ya kwao, Roselyn alijiziba mdomo na shali ya kwaya ikatikisika kwa kicheko. Kisha kicheko kikaisha. Wimbo ulikuwa wa kuitikizana, mfupi, kama kitu kilichochongwa:

*Tulilivingirisha sisi, jiwe lile, sisi.*
*Amelifungua yeye, toka ndani.*

"Tena," Benta alisema.

Wakaimba tena. Roselyn aliingia kwenye kiitikio bila kuombwa.

*

Byron Odera, mume wa Benta, alimpokea mgeni vizuri. Hilo halina budi kusemwa, maana baadaye watu walilisahau. Alimpa kiti chenye mgongo, akamwambia, "Mgeni wa kanisa ni mgeni wangu. Kwanza wewe hunywi chang'aa, hutanimalizia chochote."

"Nani amekwambia sinywi?" Machuki alijibu, na Byron akacheka mpaka akakohoa.

Kikohozi hicho alikileta kutoka Macalder. Miaka mitano alichimba dhahabu kwenye mashimo ya kule, akivuta vumbi la mawe, na alichorudi nacho nyumbani ni kifua kibovu na madume mawili ya kulimia, Rateng' mweusi na Silwal mwekundu. Ndio waliolima shamba lao na mashamba ya majirani, ndio waliomlipia Liz, binti yao, karo ya shule ya bweni. Jioni ile Byron alimpeleka mgeni zizini kama mtu anayeonyesha watoto wake.

"Huyu mweusi hufungwa upande wa kushoto," Machuki alisema.

"Umejuaje?"

"Anaegemea. Ng'ombe wa kushoto huegemea."

"Sikia huyu!" Byron alimgeukia mkewe kwa furaha. "Mwalimu wa nyimbo anajua ng'ombe!"

Jumanne walifanya mazoezi tangu saa nane. Wingu lilipoanza kuwa jeusi upande wa ziwa, kwaya ilitawanyika mbiombio. Benta na Machuki wakabaki kufunga madirisha.

"Wimbo wameushika," Benta alisema, "lakini unachechemea. Pale kwenye 'sisi, sisi' kuna kitu kinakosekana."

"Ni ngoma. Mapigo mawili, kimya, kisha moja. Usijali, mtaipiga kwenye mkesha."

"Nikikosea kwenye mkesha? Watu wote wananitazama?"

"Mama Liz, ni Kwaresima."

"Kidogo tu. Nani atasikia na mvua hii inayokuja?"

Alipanda juu ya meza ya sakristia, akafunua kitambaa cha zambarau, akaiteremsha ngoma mwenyewe. Machuki aliweka mikono nyuma kama mtoto aliyekatazwa, lakini alimwelekeza kwa kichwa. Mbili. Kimya. Moja. Benta alikosea, akarudia, kisha mapigo yakamwingia mkononi. Kwa Benta ilikuwa kama maji kwa mtu aliyefunga. Alipiga, akaimba, Machuki akamwitikia, na mvua waliyoitarajia haikunyesha. Ilipita pembeni. Jioni ilikuwa kimya kabisa, na ngoma ikateremka mlimani, ikavuka mto, ikafika kwenye vilima vya Kuria.

Alipoitundika tena na kuifunika, Machuki alikuwa ameketi kizingitini.

"Unajua nimeufundisha wimbo huu vigango vingapi?" alisema. "Na kila mwaka Pasaka hunikuta njiani. Sijawahi kuusikia ukiimbwa mpaka mwisho, na ngoma yake."

"Mwaka huu utausikia. Hapa hapa."

"Mama, watu wa hapa hawanitaki mpaka Jumapili."

"Utausikia, nakuahidi. Mimi Benta sitaacha uondoke Rawinji bila kuusikia."

Aliitoa ahadi ile kwa wepesi, kama mtu anavyomwahidi mgeni chai.

*

Alfajiri ya Jumatano nduru ilipigwa. Byron alitoka na shuka kiunoni. Miti ya lango la zizi ilikuwa imelala chini, na kinyesi kilikuwa bado kinafuka moshi. Rateng' na Silwal hawakuwapo. Nyumba ya pili vilevile, na ya tatu, na ya mzee Agwanda, katekista wa kigango, aliyeamka akakuta hata ndama hakuachiwa.

Byron hakupiga kelele. Aliingia zizini akaichukua nira, akaishika mikononi akiitazama, mti mrefu usio na shingo za kuuvaa. Kisha akageuza macho kwenye kibanda cha wageni. Kilikuwa wazi. Machuki alikuwa amekwisha kutoka na wanaume wengine kufuata nyayo, kwa sababu kwao nduru ikilia mwanamume hutoka.

"Yuko wapi?" Byron aliuliza.

"Amekwenda kusaidia kutafuta," Benta alisema.

"Kusaidia." Byron alilirudia neno taratibu. "Alijua hata yupi ni wa kushoto."

Benta alimfuata mbio mpaka senta, akimwita kwa jina, naye hakugeuka. Walipofika, watu walikuwa wamekwisha kujaa mbele ya duka la Mohamednur. Wanaume waliorudi kutoka mtoni walikuwa wamemweka Machuki katikati. Shati lake lilikuwa limeraruliwa bega moja. Alikuwa bado anaongea, kwa ile sauti yake ya mwalimu.

"Nyayo zinaelekea mpakani, Tanzania. Si kwetu. Tukiwahi tutawapata. Mbona tunasimama?"

"Sisi tunasimama," mtu alisema. "Wewe ulikuwa unakimbilia wapi?"

"Jakuo!" sauti ya mwanamke ilipasuka nyuma. Mwizi. Na umati mzima ukalipokea neno hilo kama kiitikio.

Agwanda aliinua fimbo yake. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, alitaka kesi iwe na maswali.

"Jana jioni," alisema, "ngoma ya kanisa ililia. Nani hakuisikia?"

Wote walikuwa wameisikia.

"Kwaresima hii, ngoma ya nini? Tangu nibatizwe sijawahi kuisikia ngoma ile kabla ya mkesha. Inalia jioni, alfajiri ng'ombe wanachukuliwa. Hawa watu hupeana ishara. Sasa nauliza mara moja tu. Nani aliyeishusha ngoma?"

Machuki aliinua macho, akamwona Benta kati ya watu. Akayateremsha tena.

"Ilikuwa wimbo tu, mzee," alisema. "Ni wimbo wa Pasaka."

"Nani aliyeishusha?"

Machuki aliendelea kutazama chini. Benta alifungua kinywa. Neno lilikuwa pale, fupi: mimi. Lakini mbele ya neno hilo palikuwa na ufunguo wa sakristia uliokuwa shingoni mwake, na joho la kwaya, na mkesha alioungoja mwaka mzima, na Byron amesimama na nira mkononi. Alivuta pumzi kwanza. Ni pumzi moja tu aliyovuta, na ndani ya pumzi hiyo jiwe la kwanza likarushwa.

Lilimpata Machuki sikioni. Aliinamisha kichwa upande kama mtu anayejaribu kusikia vizuri.

"Mimi!" Benta alipiga ukelele. "Ni mimi niliyepiga! Ni mimi!"

Hakuna aliyemsikia. Mawe yalikuwa yamekwisha kuanza kuongea. Aliona rungu likipanda na kushuka. Aliona mpini wa jembe. Aliona mwanamke aliyemjua, mama wa watoto wanne aliyeimba naye sauti ya pili, akivua kiatu na kupiga kwa kisigino chake, akilia huku akipiga, akimtaja ng'ombe wake kwa jina. Machuki alianguka magotini, akasimama, akaanguka tena. Damu ilimfunika jicho, akaipangusa kwa mkono kama jasho. Benta alijitupa katikati yao, akashikwa kiunoni akatupwa nje, akarudi, akapigwa kiwiko cha kifua akakaa chini mavumbini.

Kutoka pale chini ndipo alipomwona Byron. Umati ulimpisha, kwa maana kila mtu alijua mgeni alilala kwake.

"Ulikula kwangu," Byron alisema. Alikuwa akilia. "Nilikuonyesha. Mimi mwenyewe nilikuonyesha!"

Aliinua nira kwa mikono miwili, akaiteremsha. Ulikuwa mlio mdogo, mkavu, kama kuni inayopasuliwa nyuma ya nyumba ya jirani. Kisha akaiinua tena.

Mlango wa duka ulifunguliwa. Mohamednur alitoka na kikoi chake na fulana, mkononi hana kitu.

"Basi!" alisema. "Nipeni huyo mtu nimpeleke hospitali."

"Wewe Msomali, hii si yako. Rudi kwenye sukari yako."

"Kweli si yangu. Mwaka wa uchaguzi mlivunja duka langu, nikajenga. Sikusema kitu, si ndiyo? Duka hujengwa. Mtu hajengwi. Nipeni."

Labda ni ule uchovu unaowapata watu baada ya kazi kubwa. Walimpisha. Hakuna aliyemsaidia kumwinua ila Benta, na miguu ya Machuki ilikuwa mizito na haikushikamana vizuri na mwili. Walimlaza nyuma ya pikapu, juu ya magunia matupu. Benta alitaka kupanda. Mkono wa Byron ukamshika nyuma ya gauni, mbele ya watu wote, ukamvuta chini kama mtu anavyovuta mbuzi sokoni.

"Wewe huendi popote," Byron alisema.

*

Alhamisi Kuu Padri alikuja Rawinji, kwa kuwa mwaka ule zamu ya kigango chao ilikuwa imefika. Alitoka vigango vya mbali upande wa ziwa, gari lake limejaa tope mpaka vioo, na jambo la kwanza alilouliza alipokuwa akivaa ni hili: "Yule mwalimu wa wimbo niliyemtuma, alifika?"

Agwanda alikuwa akimshikia stola. Mikono yake ilisimama.

"Alifika, Padri," alisema. "Akaondoka."

Benta alikuwa mlangoni pa sakristia. Alisikia. Agwanda alimtazama, na nyuma ya Agwanda, kwenye benchi la mbele, Byron alikuwa akimtazama pia. Lakini Padri alikuwa amekwisha kuchelewa, akasema, "Mtu mwema sana yule," akatoka kuanza misa. Benta akanyamaza mara ya pili.

Wanaume kumi na wawili waliochaguliwa kuoshwa miguu walikuwa wameketi mbele tangu mapema, majina yalipangwa Kwaresima ilipoanza, na jina la Byron lilikuwamo. Padri alipiga magoti mbele yake na beseni. Byron alivua viatu. Kando ya ukucha wa kidole gumba cha kulia palikuwa na kitu cheusi kilichokauka. Padri alikiosha kwa kidole chake, kwa upole, akidhani ni tope la shamba, akakausha mguu kwa taulo na kuubusu.

Benta alianzisha wimbo aliouchagua wa Alhamisi, ule wa watu walioketi mezani, usiopanda juu. Aliuanzisha chini mno. Roselyn aliupandisha, ukashuka tena. Byron aliketi na miguu yake miwili misafi sakafuni, hakuivalisha viatu mpaka misa ilipokwisha.

Benta alipomwekea ugali nyumbani, Byron alisema tu, akitazama ukutani, "Waliofuata nyayo wamerudi. Wamefika mpaka Tanzania. Wezi walikuwa watu wengine."

Ugali uliganda kati yao.

Ijumaa asubuhi Mohamednur alikuja mwenyewe mpaka uani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alivua kofia.

"Mama Liz, yule mtu amekufa," alisema. "Jana. Watu wa hospitali walijaribu. Aliongea kidogo, akauliza ni siku gani. Nikamwambia Alhamisi. Akasema, bado." Mohamednur alikuna ndevu zake. "Sijui bado nini. Kesho namleta dada yake pamoja na jeneza, ndiye ataonyesha njia. Tutapita hapa, anataka kuchukua mfuko wake. Waambie watu wako wasitupe mawe. Gari ni moja tu ninalo."

Alasiri ile Benta aliwaimbisha watu wimbo wa Ijumaa, bila ngoma wala kayamba, unaojikokota. Hakuna aliyesinzia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ashike kwaya hakuna hata mtu mmoja aliyesinzia. Msalaba ulipopitishwa, yule mwanamke wa sauti ya pili aliukumbatia, akashindwa kuuachia, na ikabidi wanaume wawili wamtoe vidole kimoja kimoja. Benta aliona hayo yote na akajua kwamba Ijumaa hii haitaisha yenyewe.

*

Jumamosi pikapu iliingia senta jua likiwa limepanda. Nyuma palikuwa na jeneza la mbao mpya, zisizopakwa rangi, na juu ya magunia, mkono kwenye kifuniko, aliketi mwanamke mnene wa makamo aliyefunga kanga ya buluu. Mbele, karibu na Mohamednur, askari mmoja alikuwa ameweka bunduki kati ya magoti.

Watu walitoka madukani na kwenye vibanda. Hawakuja karibu. Walisimama pembezoni mwa barabara kama watu wanaongoja mvua ipite.

"Mimi ni Bathsheba," mwanamke alisema kutoka juu ya gari. "Dada yake Machuki. Sikuja kugombana. Alikuwa na mfuko na kitabu chake cha sala. Nipeni niende."

Benta ndiye aliyeuleta mfuko. Alikuwa ameuosha tope la safari. Bathsheba aliupokea, akamtazama.

"Ni kwako alikolala?"

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa anapenda sana kuja huku," Bathsheba alisema. "Mimi nilimkataza. Akaniambia kuna wimbo." Akageuka. "Twende, Mohamednur."

"Ngoja," Benta alisema. "Nakuomba uningoje kidogo. Kuna kitu chake kingine."

Kanisa lilikuwa hatua chache kutoka barabarani. Alifungua sakristia kwa ufunguo wa shingoni. Agwanda alikuwa ndani akipanga mishumaa ya mkesha, na alipomwona anapanda mezani na kushika kitambaa cha zambarau alimkimbilia.

"Mwalimu! Leo ni Jumamosi. Jua bado halijatua. Mkesha ni saa mbili!"

"Najua saa ya mkesha, mzee."

"Hakuna wimbo leo! Wewe ndiye unayetufundisha hivyo kila mwaka!"

"Ndiyo. Na nilimwahidi mtu." Aliishika ngoma kwa mikono miwili, nzito kama mtoto aliyelala. "Hataingoja jioni."

"Ukitoka na ngoma hiyo, acha joho hapa. Hutaongoza tena. Nakwambia kama baba yako."

Joho lilikuwa begani mwake, alilipiga pasi asubuhi kwa ajili ya usiku. Benta alilivua, akalikunja vizuri, akaliweka mezani. Akauvua na ufunguo, akauweka juu yake. Kisha akatoka.

Aliiweka ngoma katikati ya barabara, mbele ya pikapu, akapiga magoti nyuma yake. Mbili. Kimya. Moja.

Mara ya kwanza hakuna aliyeelewa. Mara ya pili kichwa kimoja kiligeuka, halafu kingine. Mara ya tatu umati wote uliijua. Ndiyo hii. Ndiyo ile ile ya Jumanne, waliyoisikia ikishuka mlimani wakati wa kukamua. Na aliyekuwa akiipiga ni mwalimu wao wa kwaya, mke wa Odera, na mkono wake haukukosea hata pigo moja.

*Tulilivingirisha sisi,* aliimba, *jiwe lile, sisi.*

Mtu fulani aliketi chini. Yule mwanamke wa sauti ya pili alijifunika uso kwa nguo yake. Benta aliimba mwenyewe na kujiitikia mwenyewe, *amelifungua yeye, toka ndani, aleluya*, neno ambalo hakuna aliyelitamka hadharani Rawinji tangu Majivu, nalo likasikika mbichi na la ajabu, kama tusi.

Byron alikuja kutoka upande wa duka. Alitembea kama mtu anayetembea ndani ya maji. Alisimama mbele yake, na ngoma ikanyamaza.

"Jumanne," alisema. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Peke yako?"

"Yeye alinikataza."

Aliona uso wa mumewe ukivunjika. Kwanza macho, kisha kinywa. Aliona mkono ukiinuka na hakukwepa. Kofi lilimtupa upande, ngoma ikaviringika mpaka gurudumu la gari, na Benta akabaki ameshika ardhi kwa viganja, damu ikidondoka kutoka mdomoni.

"Ungesema!" Byron alipiga ukelele. "Ungesema kabla! Umeniacha nifanye! Umeniacha mimi nifanye!" Sauti ilimkatika, kikohozi cha Macalder kikamkamata, akakohoa akiwa amejikunja, mikono magotini. "Rudi kwenu. Rudi Ndhiwa. Nisikuone kwangu."

"Nitakwenda," Benta alisema kutoka chini. "Nimebakiza ubeti mmoja."

Askari alikuwa amefungua mlango. Bathsheba alimwekea mkono begani kutoka juu ya gari, naye akarudi kuketi.

Ndipo Roselyn alipotoka katikati ya watu, mzito, kandambili zikipiga lami mbovu. Hakusema kitu, yeye ambaye hakuwahi kukosa la kusema. Aliiokota ngoma kwenye gurudumu, akaipangusa vumbi kwa upindo wa shali yake, akaisimamisha mbele ya Benta na kuishika kwa magoti isitikisike.

Benta alipangusa mdomo. Mbili. Kimya. Moja. Byron alikuwa bado amejikunja pale pale, karibu sana hata angeweza kumgusa, na hakuondoka. Kwenye meza ya sakristia joho lilikuwa limekunjwa, na jioni mtu mwingine angelivaa. Benta aliimba ubeti wa mwisho taratibu, kwa mdomo uliovimba, bila kuruka neno, mpaka kwenye aleluya ya mwisho, na baada ya hiyo pigo moja la peke yake ambalo Machuki alisema watu hulisahau.

Mohamednur alikuwa amezima gari tangu pigo la kwanza. Hakuliwasha mpaka Benta alipomaliza.